Haya Maswali Yanatusaidia Nini? Historia Fupi ya Utafiti na Huduma ya VVU Kampala

Watu wa makaratasi hawaishi mitaani kwetu. Siku hizi hata karatasi hawana, wanakuja na tableti. Mko wangapi nyumbani? Mnakula mara ngapi kwa siku? Umewahi kupima virusi? Lini? Ukimaliza kujibu unapewa mche wa sabuni au pesa kidogo ya bodaboda, mtu anasema asante, anaondoka. Wakimbizi wa Katwe, Nsambya na Kisenyi wameshazoea, na wa Nakivale wamezoea zaidi. Wamechoka pia. Ndiyo maana swali hili linasikika kila mahali: haya maswali yanatusaidia nini sisi?

Ni swali la haki na lina jibu, ila jibu lake si fupi. Sehemu kubwa ya mambo ambayo dunia inayajua leo kuhusu kumtunza mtu mwenye virusi vya ukimwi ilijulikana kwa sababu watu wa Uganda waliulizwa maswali na wakayajibu. Kuna maswali yaliyorudi kwao kama huduma, na kuna yaliyoondoka na hayakurudi. Sisi tuliokuja nyuma, tunaomeza vidonge vilivyotokana na majibu yale, inafaa tuijue habari hii. Na nyinyi mnaofanya kazi katika mashirika, inafaa muijue zaidi yetu.

Silimu

Mwaka 1982, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, wilaya ya Rakai, ufukweni mwa Ziwa Victoria karibu na mpaka wa Tanzania, watu walianza kufa kwa ugonjwa usioeleweka. Walikonda, wakaharisha, homa haikuondoka. Wengine walisema ni uchawi wa wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka waliodhulumiwa mali yao. Waganda wakauita silimu, kutokana na neno la Kiingereza la wembamba. Watanzania baadaye wakasema ukimwi, na sisi tuliotoka Kongo tumezoea kusema sida, kwa Kifaransa. Majina ni matatu, ugonjwa ni ule ule.

Mwaka 1985 madaktari wa Uganda, akiwemo David Serwadda na Nelson Sewankambo, pamoja na wenzao kutoka nje, walichapisha katika jarida la Lancet makala iliyoonyesha kwamba silimu ilihusiana na virusi vile vile vilivyokuwa vimegunduliwa Ulaya na Marekani. Januari 1986 vita viliisha, serikali mpya ikaingia Kampala, na mwaka huo huo Wizara ya Afya ikaanzisha mpango wa kudhibiti ukimwi.

Wakati ule maswali yalikuwa ya kidaktari: ni virusi gani, vinaenea vipi, wameambukizwa wangapi. Yalikuwa maswali ya lazima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika baadhi ya kliniki za wajawazito hapa Kampala, karibu watatu katika kila kumi walikutwa na virusi. Lakini mtu akishajua kwamba anavyo, alirudi nyumbani na nini? Dawa haikuwepo. Kwenye wodi alilazwa akisubiri mwisho wake, na ndugu wengi waliogopa hata kumshika mkono.

Watu 16 wa Mulago

Hapo ndipo anaingia Noerine Kaleeba. Alikuwa mtaalamu wa kunyoosha viungo katika Hospitali ya Mulago. Mwaka 1986 mume wake, Christopher, aliyekuwa masomoni Uingereza, aliugua na akakutwa na ukimwi. Mama Kaleeba alikwenda kumuuguza huko na akaona wauguzi wanaomshika mgonjwa bila hofu na kumsemesha kama mtu. Walipomrudisha nyumbani aliona upande wa pili: hofu, minong'ono, watu kukaa mbali. Christopher alifariki Januari 1987.

Mwaka huo huo, Mama Kaleeba na wenzake walianzisha shirika la TASO. Walikuwa watu 16 kwa jumla. Wengi wao walikuwa na virusi au ndani ya nyumba zao kulikuwa na mgonjwa, na wengi walikufa katika miaka ya kwanza ya kazi hiyo. Hawakuwa na dawa ya kutuliza virusi. Walichokuwa nacho ni mazungumzo, tiba ya magonjwa nyemelezi kama vidonda vya mdomo na kikohozi, chakula kidogo, na miguu ya kwenda kumtembelea mgonjwa nyumbani kwake. Walisema mtu mwenye virusi aishi kwa matumaini, na akifa afe kwa heshima. Leo "kuishi kwa matumaini" ni maneno ya kwenye mabango mpaka tumeyazoea. Mwaka 1987 yalikuwa maneno ya kushangaza, maana mtu mwenye silimu alihesabiwa kuwa marehemu hata kabla hajafa.

Wengine wakafuata. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alitangaza hadharani kwamba anao ukimwi. Watu wengine walidhani anatafuta umaarufu. Yeye alizunguka mashuleni na makanisani, mwili ukizidi kwisha, akieleza. Alifariki Desemba mwaka huo huo. Mwaka 1990 ukafunguliwa Kampala Kituo cha Habari za Ukimwi, AIC, ambapo mtu aliweza kupima kwa hiari yake bila kutaja jina.

Sasa tuje kwenye utafiti. Katikati ya miaka ya 1990 TASO ilitaka kujua kama kazi yake inafaa. Haikuleta wageni wakae pembeni na kuandika. Wagonjwa, familia zao na wafanyakazi walishirikishwa katika tathmini yenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997, na moja liliwashangaza wengi: takribani tisa katika kila kumi ya waliohudumiwa walikuwa wameshamwambia mtu mwingine hali yao. Katika jiji ambalo watu walikuwa wanakufa na siri kifuani, hilo si dogo. Lilionyesha kwamba ushauri nasaha si porojo za kupitisha muda dawa zikisubiriwa. Ni huduma kamili, nayo inapimika.

Wavu wenye matundu

Swali jingine la miaka ile lilihusu familia. Wafadhili na hata viongozi walipenda kusema: Afrika ina familia kubwa, ukoo utawatunza wagonjwa. Neno hilo liliwafaa wenye pesa, kwa sababu ukoo haulipwi mshahara.

Watafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, waliokuwa wakifanya kazi na Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe, walikuwa wameanza kazi katika vijiji vya Masaka mwishoni mwa miaka ya 1980. Janet Seeley na wenzake, wakiwemo Waganda, walifuatilia ni nani hasa anayemwogesha mgonjwa, nani anapika, nani anatafuta pesa ya dawa. Mwaka 1993 walichapisha jibu. Ukoo, walisema, ni wavu wa kumdaka anayeanguka, lakini una matundu. Mara nyingi mzigo ulibaki kwa mtu mmoja au wawili, hasa mama, dada au bibi, ambao wenyewe walikuwa maskini na wana wengine wa kulisha. Ndugu walikuwepo kwa hesabu. Kwenye kazi ya kila siku hawakuonekana.

Nikisoma habari hiyo nawaona watu wetu. Kama wavu wa mtu aliye kijijini kwake, mwenye shamba na shangazi wa jirani, ulikuwa na matundu, wa kwetu una nini? Shangazi yuko Uvira, kaka alibaki Bunagana, mwingine hatujui kama yuko hai. Hapa Kampala mgonjwa ana chumba kimoja cha kupanga na labda binti wa miaka 14. Watafiti wa 1993 hawakuwa wanatuzungumzia sisi, lakini walichokiona ndicho kinachotupata mara mbili.

Bei, saa, na pikipiki

Kuanzia 1996 nchi tajiri zilikuwa na dawa mseto za ARV, na watu wao waliacha kufa. Bei yake ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mtu kwa mwaka. Hapa Kampala, Kituo cha Pamoja cha Utafiti wa Kitabibu, JCRC, chini ya Profesa Peter Mugyenyi, kiliwatibu walioweza kulipa, nao walikuwa wachache mno. Familia ziliuza ng'ombe na viwanja, dawa zikisha na pesa imekwisha. Mwaka 2000 Mugyenyi aliagiza kutoka India dawa za kampuni ya Cipla, zenye kazi ile ile kwa bei ndogo, ingawa makampuni yenye hataza hayakupenda. Februari 2001 Cipla ikatangaza bei ya dola 350 kwa mwaka kwa Madaktari Wasio na Mipaka. Mlango ukaanza kufunguka.

Kikaja kisingizio kingine. Mwaka 2001 mkuu wa shirika la misaada la Marekani, USAID, Andrew Natsios, alisema hadharani kwamba Waafrika wengi hawajui saa za Kizungu, kwa hiyo hawataweza kumeza dawa kwa wakati. Wengine walisema bila maabara kubwa dawa zitaleta hatari. Yaani hata mkipewa bure, hamtaziweza.

Hayo yalijibiwa kwa utafiti, na waliojibu ni wagonjwa wenyewe. Mwaka 2003 ulianza utafiti ulioitwa DART, Entebbe, Kampala na Harare, Zimbabwe. Walishiriki watu 3,316. Nusu walifuatiliwa kwa vipimo vya maabara kila baada ya wiki 12. Nusu nyingine walifuatiliwa na daktari au muuguzi kwa macho, mikono na maswali, vipimo vya kawaida vikitumika pale tu palipohitajika. Baada ya miaka mitano walio hai walikuwa wengi mno katika makundi yote mawili, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo. Maana yake ni kwamba kituo cha afya cha kijijini kisicho na mashine kinaweza kuanza kutibu leo. Hakuna haja ya kungoja mpaka mashine ifike.

Wakati huo huo huko Jinja, TASO na watafiti wa Entebbe waliuliza swali jingine. Je, mgonjwa ni lazima aje hospitali kila mwezi? Watu 1,453 walishiriki. Baadhi walikwenda kliniki kama kawaida. Wengine walifuatwa nyumbani na wahudumu ambao si madaktari wala wauguzi, waliofundishwa kazi hiyo na kupewa pikipiki. Walileta dawa, wakauliza hali, wakaondoka. Matokeo yalitoka mwaka 2009: virusi vilidhibitiwa sawasawa kwa pande zote mbili, na waliofuatwa nyumbani walipunguziwa sana gharama ya usafiri.

Ndugu msomaji, ukimwona mhudumu wa kijiji anafika mlangoni kwako Nakivale au Kyaka, ujue hakuanguka tu kutoka mbinguni. Kuna watu wa Jinja waliokubali kuulizwa.

Si kila kitu kilikuwa kizuri. Mwaka 2000 watafiti wa Rakai walichapisha habari za wanandoa 415, mmoja ana virusi na mwenzake hana. Waligundua kwamba kadiri virusi vinavyopungua damuni ndivyo maambukizi yanavyopungua, na kwa wale waliokuwa na virusi vichache sana hakuna aliyemwambukiza mwenzake. Ni moja ya misingi ya habari njema tunayoijua leo, kwamba anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Lakini katika utafiti ule watu 90 waliambukizwa, mwaka hadi mwaka, huku wakifuatiliwa. Walipewa ushauri na kondomu, ila dawa za ARV hazikuwepo kwao. Swali kama utafiti wa namna hiyo ungekubaliwa Ulaya liliulizwa wakati ule ule, katika jarida lile lile lililouchapisha. Kwa hiyo tunapomeza kidonge kwa furaha, tukumbuke kuna nyumba za Rakai zilizolipa bei kabla yetu.

Mwaka 2003 Marekani ilianzisha mfuko wa PEPFAR. Mwaka 2004 dawa za bure zilianza kutolewa kwa wingi Uganda. Kizazi cha kwanza cha waliofufuka, tunaweza kusema, ni cha miaka hiyo.

Na mkimbizi je?

Kwa muda mrefu mkimbizi alitajwa katika habari hizi kwa namna moja tu: kama mleta ugonjwa. Mnajua maneno yenyewe. Wanatoka vitani, wamebakwa, wanakuja nao.

Mwaka 2007 Paul Spiegel na wenzake walikusanya takwimu zote walizozipata kutoka nchi saba zilizopita katika vita: Kongo, kusini mwa Sudani, Rwanda, Uganda, Sierra Leone, Somalia na Burundi. Hawakupata ushahidi kwamba vita au ukimbizi viliongeza kiwango cha VVU kwa jumla ya watu. Katika makundi 12 ya kambi walizolinganisha na wenyeji wa pembeni, tisa zilikuwa na kiwango cha chini kuliko wenyeji, mbili zilikuwa sawa, na moja tu ilikuwa juu. Ubakaji vitani ni uovu mkubwa na kila aliyeumizwa anahitaji matibabu haraka. Lakini ule msemo kwamba mkimbizi ndiye anayeleta ukimwi hauna msingi. Mtu akikwambia hivyo, mwambie ilishahesabiwa.

Hapa Uganda sheria ya wakimbizi ya 2006 na sera ya nchi zinatupeleka kwenye vituo vile vile vya serikali wanavyotibiwa wenyeji, na dawa za VVU ni bure kwetu kama kwao. Ni jambo la kushukuru, kuna nchi hazifanyi hivyo. Lakini mlango kuwa wazi ni kitu kimoja, kupita ni kitu kingine. Watafiti waliozungumza na wakimbizi wenye virusi huko Nakivale waliambiwa mambo tunayoyajua: kituo kiko mbali, usafiri ni ghali, watu watakuona kwenye foleni, chakula hakitoshi. Na mgao wa chakula wenyewe umekuwa ukipunguzwa tangu 2020.

Kampala shida ina sura nyingine. Kuna kitabu kuhusu Waganda wa kizazi cha kwanza cha ARV, kilichohaririwa na Susan Reynolds Whyte na kutoka mwaka 2014. Kinaonyesha kwamba watu wengi walifikia dawa kwa njia ya kujuana. Shemeji anafanya kazi kliniki, jirani ni mteja wa TASO, rafiki anamjua daktari. Huduma ilipitia kwenye undugu na urafiki. Sasa mtu aliyeshuka jana kwenye basi la Kisoro, anayeongea Kiswahili na Kinyabwisha, anamjua nani?

Na lugha nayo. Mama mmoja wa mtaani kwetu alikwenda kwenye kliniki moja ya hapa jijini kupewa majibu. Wahudumu waliongea Luganda na Kiingereza. Aliyemtafsiria alikuwa mtoto wake wa miaka 12. Mtoto ndiye aliyesikia kwanza kwamba mama yake ana virusi, ndiye aliyetakiwa kutafuta maneno ya kumwambia. Ukikumbuka kwamba huduma ya VVU katika jiji hili ilianza na mazungumzo, kabla ya dawa yoyote, utaona uzito wa jambo hilo. Mkimbizi anapewa vidonge, ila yale mazungumzo ya 1987 hajayapata bado.

Mwaka 2025

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Katika muda wa siku chache wafanyakazi wengi wa miradi ya VVU Uganda waliambiwa wakae nyumbani. Baadaye baadhi ya huduma za dawa ziliruhusiwa kuendelea, lakini waliopotea haraka zaidi walikuwa wale wa pembeni: washauri, waelimishaji rika, wanaopiga simu kumuuliza mtu mbona hukuja. Mwezi uliofuata Wizara ya Afya iliagiza kliniki maalumu za VVU ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje.

Kuna hoja upande huo pia. Foleni moja kwa wote inaweza kuondoa unyanyapaa, na nchi haiwezi kutegemea pesa ya mgeni milele. Lakini historia niliyoieleza inatuonya kuhusu kitu kimoja. Wanaopunguza bajeti huanza na mazungumzo, kwa sababu yanaonekana ni kitu cha ziada, halafu wanasema dawa zipo. Utafiti wa jiji hili unasema vinginevyo. TASO ilipima mazungumzo, Jinja ilipima pikipiki, na vyote viwili vilikutwa ni sehemu ya tiba.

Kwa hiyo, kwa nyinyi wa mashirika: kabla hamjaleta dodoso jipya, tazameni majibu ya zamani. Tulishasema mkalimani, usafiri, chakula. Mkiwa na pesa ya mtu mmoja tu, muajirini mkimbizi mwenye virusi anayejua Kiswahili akae pale kliniki.

Kwa sisi: ukihama kutoka Kampala kwenda kambini au kurudi, omba barua ya uhamisho na usiache dawa hata wiki moja. Una haki ya kuomba mkalimani mtu mzima. Na mtu akija na tableti, muulize ana kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, na kama ni kambini, cha Ofisi ya Waziri Mkuu. Muulize majibu yatarudi lini na kwa lugha gani. Unaweza kukataa kujibu, au kuacha katikati, na huduma yako haitakiwi kuguswa.

Ukiridhika naye, jibu. Wapo watakaokuja nyuma yetu, kutoka sijui wapi, kwa vita sijui ipi, nao watahitaji kukuta kitu kimeandikwa.